Huyu bwana wa "hiati" na maka peni yake nyekundu, nani atamnyang'anya?

MwayoMrefu (mwenye uzi):
Wanajamvi, nimefura. Jina sitaji, mnamjua. Yule yule wa "niwarekebishe kidogo hapo".

Leo, mbele ya umati, bango la ligi ya mtaa limeshachapwa, pesa ya watu imeshakwenda, bwana anachomoa maka peni NYEKUNDU, anakata neno "hiatuses" na kuandika juu yake "HIATI". Halafu anawageukia vijana waliolichapisha: "Nyie wa Kiswahili mkiachiwa Kiingereza mtatuaibisha."

Hiati! Kama mtu aliyeanza kupiga chafya akakatizwa.

Haya, tufundishane. "Hiatus" ni neno la Kilatini, limetoka kwenye kitenzi "hiare", yaani kuachama, kupiga miayo. Ni pengo, kinywa wazi; kwa Kiingereza, kitu kusimama kwa muda. Kiingereza kililichukua karne ya 16. Kilatini kina makundi ya nomino, na hii iko kundi la nne: umoja na wingi huandikwa sawa, ila kwenye wingi ile "u" ya mwisho huvutwa. "I" ya "alumni" (wingi wa "alumnus") ni mali ya kundi la pili. Kwa hiyo wingi ni "hiatuses", au ukitaka kujionyesha acha "hiatus" vilevile. "Hiati" haiko Roma, haiko London, haiko hata Wandegeya, Kampala. Ni kama mtu kasikia mtu–watu, akatuletea kiti–wati.

Na kinachoniuma zaidi: mstari wa chini yake palikuwa na kosa la kweli! "A two-years hiatus." Hilo, peni nyekundu haikuliona. Muda ukitangulia nomino namna hiyo, "s" inatoka: "a two-year hiatus". Ukiipenda sana hiyo "s", geuza sentensi: "a hiatus of two years". Kosa lipo, uso kwa uso na maka peni, yeye anakata neno lililo zima. Kwa NYEKUNDU.

Na anavyolitamka, "hiyatasi", banange. Ni hai-EI-tas, mkazo katikati.

KijanaWaMengo:
Kiti–wati 😂😂 Kesho naenda dukani kuulizia wati wa plastiki.

MzeeKambini:
Mwenye uzi, aya zote hizi kwa neno moja? Huko kazini kwako leo kulikuwa na hiatus ya saa ngapi?

MwayoMrefu:
Mzee wangu, ilikuwa NYEKUNDU.

MzeeKambini:
Nimesikia rangi. Mimi nimekwama hapo pa "nyie wa Kiswahili". Kiswahili ni lugha rasmi ya pili Uganda tangu katiba irekebishwe 2005. Amwambie nani?

NalongoWaJinja:
Mnacheka wingi, maana je? Watu siku hizi kila kilichokufa wanakiita hiatus. Duka limefungwa, mwenyewe kahamia Arua, eti "on hiatus". Hapana. Lazima kuwe na pande mbili: kitu kilikuwa kinaendelea, kikasimama, kikarudi au kinatazamiwa kurudi. Cranes, timu yetu ya taifa ya soka, walicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika 1978, wakaonekana tena kwenye mashindano hayo 2017. Hiyo ndiyo hiatus, miaka 39, miayo ya kutosha nchi nzima. Na msiandike "temporary hiatus". Ya muda imo ndani tayari, ni kama kusema "yatima asiye na wazazi".

KijanaWaMengo:
Na Uganda Airlines, 2001 hadi 2019?

NalongoWaJinja:
Ssebo, hapo pana mtego. Kampuni ya kwanza ilifilisiwa, iliyoruka 2019 ni kampuni mpya yenye jina lile lile. Safari za ndege za taifa zilikuwa na hiatus, sawa. Kampuni haikuwa nayo, ilikufa. Mfano safi zaidi ni ufalme wa Buganda: ulifutwa 1967, ukarudishwa 1993.

BodaWaNtinda:
Kuna mwingine anayeudhi kuliko huyo wenu. Yeye kila pengo ni "interval". Shule zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa zote Januari 2022, anaandika "a long interval". Interval mara nyingi ni nafasi kati ya vitu vinavyojirudia: dozi kila baada ya saa 8, teksi kila dakika 10. Shule hazikufungwa kwa dozi!

MwayoMrefu:
Sawa, lakini huyo alishika maka peni?

SilabiTatu:
Mmesahau maana ya wenye kusoma sauti za lugha. Kwao hiatus ni irabu mbili kukutana bila konsonanti katikati. Lugha zetu mara nyingi huikwepa: mu+ana ikawa mwana, ki+akula ikawa chakula, ma+ino ikawa meno. Lakini Kiswahili pia kimejitengenezea mapengo kwa kudondosha "l". Waganda husema okuzaala, sisi kuzaa. Wao okutwala, sisi kutwaa. Wao enjala, sisi njaa. "L" ikatoka, kinywa kikabaki wazi. Huyo bwana anatuambia hatujui hiatus wakati tunazitamka toka asubuhi.

KijanaWaMengo:
Umetaja njaa umeniharibia. Yule wa rolex (chapati ya kuviringishwa na yai) pale stejini naye afunguliwe uzi wake. Unakunja, yai linachomoka lote linakuachia chapati.

BodaWaNtinda:
Kwa sababu anaiweka chapati yai likiwa limeshakauka! Mayai mawili, koroga na kitunguu, nyanya, kabichi iliyokatwa nyembamba, chumvi. Mimina kwenye mafuta yaliyopata moto. Juu kukiwa bado kubichi ndipo unalaza chapati na kubonyeza, yai linaishika. Geuza, viringisha ingali moto.

NalongoWaJinja:
Na chapati iwe ya leo. Ya jana inapasuka kwenye mkunjo, hata ubembeleze vipi. Yule pia kabichi anazidisha, inatoa maji, yai linakuwa uji.

MzeeKambini:
Yai moja anakwambia ni mawili. Hesabu maganda.

MwayoMrefu:
Jamani. HIATI. Juu ya bango la watu.

SilabiTatu:
Tumesikia, ndugu. Huyo wa chapati za leo yuko upande gani wa steji?

BodaWaNtinda:
Mkono wa kushoto ukitoka Kisaasi. Anafungua saa moja.

SilabiTatu:
Saa moja yetu au ya kwenye simu?