Mume Mtaliano anastaafu, twahamia Malindi: tuanze na karatasi gani?

BintiShella aliuliza:
Assalam alaykum. Mume wangu ni Mtaliano na mwakani anaanza kupokea pensheni ya INPS, shirika la hifadhi ya jamii la Italia. Mimi ni Mkenya wa kuzaliwa, tuna ndoa ya kadhi ya miaka sita, na mwaka huu nimepata uraia wa Italia pia. Twataka kurudi Malindi kabisa. Wengine wasema achukue kibali cha daraja K, wengine wasema ndoa yatosha. Na nyumba iandikwe kwa jina la nani?

KaraniBarani alijibu:
Waalaykum salaam dada. Daraja K achana nayo. Hiyo ni ya mgeni aliyepita miaka 35 mwenye kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na si kila pensheni inafika hapo. Mume wa Mkenya akitimiza miaka mitatu ya ndoa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na nyinyi mmeshaipita. Majibu huchukua muda, kwa hiyo wewe mwombee pasi ya mtegemezi asije akakaa kwa ruhusa ya utalii mpaka ikamwishia. Akizidisha siku 90 nchini lazima ajiandikishe apate kadi ya mgeni.

Mwakani mtatimiza miaka saba, na kifungu cha 15 cha Katiba kitamruhusu kuomba uraia wenyewe. Italia haitamnyang'anya wake.

Lakini hujauliza la kwako! Mkenya akipata uraia wa pili anatakiwa kuutangaza kwa Uhamiaji ndani ya miezi mitatu. Asipofanya hivyo ni kosa, faini hadi shilingi milioni tano au kifungo hadi miaka mitatu. Uraia wako wa kuzaliwa haupotei, ila tangaza.

MamaPensheni alijibu:
Kabla ya yote hayo, toa cheti cha kadhi na pasipoti ya mzee uviweke pamoja, usome herufi kwa herufi. Mtaliano akisilimu hupewa jina, na mara nyingi cheti hubeba hilo jina jipya huku pasipoti ikibaki na la zamani. Kwa afisa wa Uhamiaji au karani wa manispaa ya Italia hao ni watu wawili. Cheti kirekebishwe kwa kadhi kiwe na jina la pasipoti, la Kiislamu likifuata kama "anajulikana pia kwa". Kisha kithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, kitafsiriwe, kipitie ubalozi wa Italia ndipo manispaa yake iiandike ndoa kwenye daftari.

Hiyo ndiyo karatasi ya kukulinda wewe. Mungu amweke, lakini akitangulia, mjane peke yake hupata asilimia 60 ya pensheni, ikipunguzwa akiwa na kipato chake kikubwa. Ndoa isiyoandikwa kule utaidai kwa shida. Usitishwe na wanaosema mke aliyepishana sana umri na mumewe hupunjwa: mahakama ya katiba ya Italia iliifuta kanuni hiyo mwaka 2016.

Akihama kwa nia ya kukaa nje zaidi ya mwaka ajiandikishe AIRE, daftari la Wataliano wanaoishi nje. Hapo anapoteza daktari wake wa kule, kwa hiyo bima itafutwe mapema kabla umri haujawa kikwazo. Cheti cha kuwa hai kinachotakiwa na benki inayolipia INPS kisicheleweshwe, malipo husimama. Na ahakikishe anachopokea ni pensheni ya michango, maana ile posho ya wazee wasio na kipato hailipwi kwa anayeishi nje.

WakiliWaMji alijibu:
Kuhusu nyumba: kifungu cha 65 cha Katiba kinampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99, basi. Kampuni haisaidii, kwani ikiwa na hisa hata moja ya mgeni nayo huhesabiwa mgeni. Shamba msiliguse kwa jina lake.

Kwa hiyo wengi huandika kwa jina la mke, na mimi sipingi, ila pigeni hesabu ya mirathi kwanza. Ukitangulia wewe bila mtoto, mume Mwislamu anapata nusu, na nusu ni ya wazazi au ndugu zako. Mkiwa na watoto anapata robo. Kama hakusilimu, kwa kadhi harithi, na unachoweza kumwusia hakizidi thuluthi. Jina la pamoja kwa ukodishaji, au jina lako pamoja na mkataba wa ukodishaji uliosajiliwa kwake, humpa pa kukaa.

BintiShella:
Shukran. Na akaunti zake za Italia?

WakiliWaMji:
Kanuni ya mirathi ya Ulaya ya 2012 huangalia marehemu alikuwa akiishi wapi, na hapo jibu litakuwa Malindi. Akitaka sheria ya Italia itumike, aandike wasia kule unaosema hivyo waziwazi. Auandike kabla ya kuhama, mthibitishaji wa wasia (notaio) ni rahisi kumpata akiwa huko.