Bonasi ya mdomo katika ofisi ya mawakili Mtwara: miaka mitatu ya ahadi, kilo mbili za korosho

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, ingawa nitajitahidi kueleza jambo lenyewe kwa utaratibu. Mimi ni wakili mwenye miaka mitatu tangu kuapishwa, nimeajiriwa katika ofisi moja ya mawakili mjini Mtwara ambayo sitaitaja. Tulipoanza kazi, mimi na wenzangu watatu, tuliambiwa kuwa mshahara ni mdogo kwa sababu sehemu nono ya pato letu itatokana na bonasi ya mwisho wa mwaka, itakayotegemea ada zilizokusanywa katika mashauri tuliyoyashughulikia. Maneno hayo yalisemwa tukinywa chai, na hayakuingia kwenye mkataba.

Tangu msimu wa korosho ulipofunguliwa Oktoba, nimekuwa nikipanda basi alfajiri kwenda Lindi au Masasi kusimama mahakamani kwa niaba ya wabia, yaani mawakili wenye ofisi, kisha narudi jioni kuandaa hati za madai na viapo katika migogoro ya vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima na wasafirishaji. Tarehe 23 Desemba tuliitwa mmoja mmoja. Mbia mwandamizi alinishukuru kwa kujituma, akasema mwaka haukuwa mzuri, akaongeza kwamba wateja wale wote waliletwa na wabia na kwa hiyo ada zao hazihesabiwi upande wangu, kisha akanikabidhi mfuko wa korosho zilizobanguliwa, kilo mbili, umefungwa utepe mwekundu. Mimi ni mtoto wa Newala. Mama yangu ana mikorosho.

Na mama huyo, ambaye hakumaliza darasa la saba, siku ya mnada huondoka uwanjani akiijua bei ya juu na bei ya chini kwa sababu zimesomwa hadharani, na ushuru, usafirishaji, gharama za ghala na fungu la chama kikuu cha ushirika huhesabiwa kwa kila kilo. Akipunjwa, anajua amepunjwa shilingi ngapi. Mimi mwanawe, niliyepita chuo kikuu na Shule ya Sheria, sijui hadi leo ofisi ilikusanya kiasi gani kwa jasho langu, wala asilimia niliyoahidiwa ilikuwa asilimia ya nini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwezi Novemba ofisi hiyohiyo iliwafungulia vibarua wa ghala moja mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na aliyeandaa hoja ni mimi. Tulimshambulia mwajiri wao kwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinachomtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu ujira wake na namna unavyokokotolewa. Mbia aliyesaini hoja zile ndiye aliyenifungia utepe mwekundu.

Sidai tulipwe kama mawakili wa New York. Hata hivyo, kule kampuni za mawakili kama Cravath hutoa waraka unaotaja kiwango cha bonasi kulingana na mwaka ambao wakili alianza kazi, na hakuna anayesubiri kuitwa chumbani ili apimwe kwa hisia za mtu.

Ofisini sasa hali ni mbaya. Zamani tulikuwa tukipeana hukumu na nakala za hoja, na mwenzako akiugua unamshikia shauri lake bila kuulizwa. Baada ya kuambiwa kwamba bonasi ni ya aliyeleta mteja, kila mmoja analifungia jalada lake kwenye droo, na nimemwona mwenzangu akimsindikiza mteja hadi kwenye bodaboda ili tusimsalimie. Mmoja wetu ameshaondoka kwenda kufungua ofisi yake Masasi, na majalada yake tuligawiwa sisi bila nyongeza ya shilingi. Karani ndiye pekee anayecheka, maana yeye hakuahidiwa kitu.

Ninaomba msaada wa wenye uzoefu. Migogoro isiyohusu kuachishwa kazi hupaswa kufikishwa mbele ya Tume ndani ya siku 60, na kwa hesabu yangu zangu zinakwisha Februari 21. Je, kuna aliyewahi kudai bonasi iliyoahidiwa kwa mdomo akiwa bado ameajiriwa, na aliithibitishaje? Shahidi niliye naye ni mmoja tu, na bado anahitaji mshahara wake.