Tupeane uzoefu: mlijuaje kama chuo mnachokitaka kitawachukua?

Dada wa Pasua
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko kidato cha sita, bweni, huko Arusha, kombi ni PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia). Jumamosi nilienda kumwona, nimerudi Moshi na Coaster kichwa kinaniuma. Mtihani wa utamilifu kapata Kemia B, Baiolojia B, Fizikia D. Hiyo D kaizungushia wino mwekundu mwenyewe, siyo mwalimu. Kijana hataki kusikia kitu kingine zaidi ya udaktari Muhimbili. Halafu kuna mwalimu kamwambia Marekani kuna vyuo vikubwa vinasomesha bure. Mimi niliishia kidato cha nne, nauza vitenge, sijui nimwambie anaota au nianze kubana matumizi. Mliopita huko mlipimaje nafasi zenu? Na mlikwamia wapi?

Chalii wa Ngarenaro
Naweka kambi hapa. Karanga ninazo.

Mzee wa Pointi
Dogo ana pointi 10, yuko vizuri. Kiwango cha chini cha kuingia digrii ni pointi 4 kwa masomo mawili.

Mkibosho Mmoja
Pointi 10 umezitoa wapi? B, B na D ni 2+2+4, jumla 8. Wani ya 8, yaani daraja la kwanza. Usipotoshe watu.

Mzee wa Pointi
Wewe unahesabu za Baraza la Mitihani, ambako A ni 1. TCU, wasimamizi wa vyuo vikuu, wanahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Huku pointi nyingi ndiyo sifa, kule pointi chache ndiyo sifa.

Mkibosho Mmoja
Sasa kwa nini nchi moja iwe na hesabu mbili?

Mzee wa Pointi
Hilo sikulitunga mimi.

Chalii wa Ngarenaro
Mnagombana na wote mmepata vema.

Wa Rau
Dada, kiwango cha chini kinakuruhusu kujaza fomu, hakikupi kiti. Viti vya udaktari vinahesabika, wanapanga majina kuanzia juu wakishuka, vikiisha vimeisha. Mimi nilikuwa na wani ya 7, Baiolojia A, nikatembea kifua mbele mtaa mzima. Muhimbili chaguo la kwanza, na moyoni la pili halikuwepo. Majina yakatoka, nikasoma orodha mara tatu nikidhani wamekosea herufi. Dirisha la pili la maombi nikapata chuo cha hapa hapa Moshi, KCMC, nikawa naenda darasani kwa miguu kutoka nyumbani. Ila chuo siyo cha serikali, ada inauma. Mzee aliuza pikapu yake ya kubebea ndizi. Mpaka leo akipanda boda najisikia vibaya.

Mama Mapacha
Hapo kwenye pikapu umenitoa machozi.

Binti wa Uru
Mada hii imenikumbusha kitu ambacho huwa sikisimulii. Mimi sikukwama kwenye ufaulu.

Nilimaliza na wani ya 6, PCB. Matokeo yanatoka Julai niko kambini JKT, simu haziruhusiwi. Kaka yangu akaenda steshenari moja pale karibu na soko la Mbuyuni nijaziwe maombi. Vyuo vitatu, elfu kumi kumi, na elfu tano ya kijana wa steshenari. Kaka alikuwa anabadilisha laini kila wiki, basi yule kijana akaandika namba yake mwenyewe. Kumbe ndivyo alivyokuwa anafanya kwa wateja wote.

Vyuo vyote vitatu vikanichagua, udaktari! Ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa namba ya siri kwenye simu, unaingia unathibitisha kimoja, na kuna siku ya mwisho. Mimi niko kambini naimba mchakamchaka, najua nyumbani wanashughulikia. Kaka naye anajua chuo kitapiga simu.

Nimerudi, dada mmoja tuliyesoma naye ananiuliza, "Umethibitisha wapi?" Nikamwambia kuthibitisha nini? Nilivyomwona anakaa chini, nikajua.

Mbio mpaka Mbuyuni, steshenari imefungwa. Muuza nyanya wa jirani akasema kijana yuko Rombo msibani, ila simu ya kazi kaiacha kwa mkewe, anauza mitumba Kiborloni. Kiborloni siku ya mnada, mnaijua. Nimezunguka na magwanda yangu naulizia mke wa mtu wa steshenari, watu wanadhani nimekuja kukamata mume. Nikampata. Kanitolea kisimu cha batani, kioo kimepasuka, kimefungwa na mpira wa manati. Meseji za watoto wa watu zimejaa humo, zote zinafanana, na namba sita sita. Nimesimama juu ya rundo la masweta nasoma moja moja, mama wa watu anapiga kelele nashusha bei ya biashara yake. Yangu nikaiona. Ilikuwa na wiki mbili. Dirisha lilifungwa juzi yake.

Sikulia pale. Nililia kwenye kifodi, kondakta akakataa nauli yangu.

Nafasi tatu zote zikaenda kwa wengine. Dirisha lililofuata udaktari umejaa, nikachukua maabara. Leo nafanya kazi maabara, napenda kazi yangu, mshahara upo. Lakini daktari akinitumia sampuli imeandikwa ovyo, huwa nakumbuka yale masweta.

Chalii wa Ngarenaro
Karanga zimenikwama.

Mama Mapacha
Pole sana mwanangu. Na wale wengine wenye meseji humo ndani je?

Binti wa Uru
Asante mama, shikamoo. Wawili nilikariri majina yao nikawatafuta. Mmoja alikuwa tayari kaenda chuoni kivyake. Mwingine tulilia naye.

Mkibosho Mmoja
Kosa la kaka yako. Mtu mzima unaachaje namba ya mtu baki kwenye fomu?

Wa Rau
Kaka kajitoa na elfu thelathini yake unamlaumu? Laumu wa steshenari.

Mkibosho Mmoja
Familia yetu sisi tunasimamia watoto wetu.

Wa Rau
Hongereni.

Mpare wa Himo
Yule wa steshenari aliishia wapi? Malizia basi.

Binti wa Uru
Alirudisha elfu tano. Zile za huduma.

Chalii wa Ngarenaro
Turudi kwa dogo kabla hatujafika polisi. Aachane na Muhimbili, aje chuo cha Nelson Mandela hapa Tengeru, karibu na nyumbani.

Mzee wa Pointi
Chalii yangu, ile ilijengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu wa sayansi na uhandisi. Dogo hana hata cheti cha kidato cha sita.

Chalii wa Ngarenaro
Nilijua. Nilikuwa nawapima.

Niliyeandika Mlima
Mimi nizungumzie Marekani, maana nilijaribu. Mwalimu hajadanganya, ila kaacha nusu. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawaangalii mfuko wako hata kama ni mgeni, na ukipita wanajazia pale ambapo nyumbani hamfiki. Vyuo vingi vingine kwa mgeni mfuko unaangaliwa. Na hao watano ndio wagumu: Harvard inachukua chini ya watu 5 kwa kila waombaji 100, na hao 100 wote ni vipanga wa shule zao.

Kingine ni kalenda. Maombi ya kawaida yanafungwa kuanzia mwanzoni mwa Januari, na sisi mtihani wa taifa ni Mei. Kwa hiyo unaomba kwa cheti cha kidato cha nne, ripoti za shule, barua za walimu, na mtihani wao wa SAT kwa vyuo vinavyoutaka. Halafu insha isiyozidi maneno 650 kuhusu wewe mwenyewe. Yangu niliandika jinsi ninavyouona Mlima Kilimanjaro kila asubuhi. Mwalimu wa Kiingereza akacheka, akasema kila mtoto wa Moshi anaandika mlima. Nikaandika upya kuhusu zamu ya babu ya kufungulia maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, usiku, na jirani aliyekuwa anayaiba. Hiyo ndiyo ilinipatia chuo kimoja kidogo, kati ya tisa nilivyoomba. Barua ikasema karibu, lakini fedha walizotoa zilibakiza pengo ambalo hata ukoo mzima ungeuza kihamba, shamba la urithi, lisingeziba. Nikaenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uhandisi. Sijutii kujaribu.

Mpare wa Himo
Jirani aliyeiba maji alikamatwa?

Niliyeandika Mlima
Ndiye baba yangu mdogo.

Mama Mapacha
Dada wa Pasua, kijana akipata alama za juu kabisa kwenye sayansi kuna ufadhili wa Samia, ulianza 2022. Wangu mmoja aliukosa padogo, akaenda bodi ya mikopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, foleni ya mwishoni siyo ya binadamu.

Wa Rau
Na hiyo D aifanyie kazi sasa hivi. Tuisheni ya Fizikia kila likizo.

Mzee wa Pointi
Hapana, asiguse Fizikia. Apandishe Kemia na Baiolojia ziwe A, D ibaki pale pale. 5+5+2, pointi 12.

Wa Rau
Na D ikishuka ikawa E?

Mzee wa Pointi
Aombe Mungu.

Mkibosho Mmoja
Asome stashahada ya utabibu kwanza, aingie udaktari kwa mlango ule. Binamu yangu alifanya hivyo.

Wa Rau
Miaka mitatu ya ziada unamgawia mtoto wa watu kama pipi.

Dada wa Pasua
Nimesoma zote, nimerudia ya Binti wa Uru mara mbili. Leo mchana nimesajili laini mpya kwa jina langu, simu inakaa humu dukani kwenye boksi la chenji, haitoki. Namba nimeiandika kwa maka peni ndani ya mlango wa kabati. Muhimbili ataweka chaguo la kwanza, KCMC lipo, la tatu tutakaa naye likizo. Ya Marekani nimemwambia aandike hiyo insha nione. Kaniuliza aandike kuhusu nini, nikamwambia chochote isipokuwa mlima.

Mpare wa Himo
Dada, vitenge unauza jumla au rejareja? Nina kipaimara cha mtoto, tunataka sare.