Garratt ya 59 mezani: nifanyeje picha zikubalike jaridani?

Mtaita_Manchester
Salaam wakuu. Najua humu wengi ni wapiga picha wa harusi na mandhari, ila swali langu ni la treni ndogo za kuunda kwa mkono, kipimo cha 1:87. Mimi ni wa Voi, naishi Manchester. Chumba cha nyuma nimejenga kipande cha stesheni ya Voi ya miaka ya 60: jukwaa, tangi la maji, nguzo za simu, udongo mwekundu niliouchanganya mwenyewe kwa mchanga laini na rangi ya unga. Kwenye reli imesimama Garratt, kichwa cha treni ya mvuke, ya daraja la 59, namba 5918 "Mount Gelai", ambayo mwenzake halisi yuko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Mashine hizo 34 zilijengwa hapahapa Manchester, kiwanda cha Beyer, Peacock kule Gorton, mwaka 1955 na 1956. Ndiyo maana nimeng'ang'ania hii.

Sasa, kuna jarida moja la wenzetu wa treni ndogo lilipenda habari yangu, likakataa picha. Mhariri ana malalamiko matatu: kichwa kinaonekana vizuri mbele tu, kuanzia katikati ni ukungu, rangi ya maruni imegeuka ya matofali, na mtu akiangalia anaona meza, haoni stesheni. Nina kamera isiyo na kioo na lenzi yake ya 18–55 iliyokuja nayo. Napiga kwa f/22 (tundu la lenzi dogo sana), taa ya dari pamoja na ya kusomea. Picha mbili nimeziweka hapo chini. Lenzi mpya msiniambie, mama watoto ameshaanza kuhesabu vifurushi mlangoni.

Bandari_Salama
Mkuu, kwa umri huo na treni za watoto? 😂 Kata tiketi ya SGR upige treni ya kweli.

Mtaita_Manchester
SGR ni dizeli, ndugu yangu. Mimi ni mtu wa mvuke.

Mpigapicha_Ilala
Mkuu, kazi yangu ni picha za bidhaa: saa, hereni, chupa za manukato. Treni sijawahi, lakini kitu kidogo ni kitu kidogo. Nianze na lile la tatu la mhariri, maana hayo mengine ni ya mitambo tu.

Mtu wa mita 1.7 ukimgawanya kwa 87 anabaki chini kidogo ya sentimita 2. Hapo ndipo yalipo macho ya abiria wako jukwaani. Wewe picha zote mbili umepiga ukiwa umesimama, yaani kwa vipimo vya Voi yako upo kwenye helikopta. Hakuna aliyewahi kuiona Garratt hivyo, kwa hiyo ubongo unakataa papo hapo. Weka tripodi nje ya ukingo wa meza, uishushe mpaka katikati ya lenzi iwe sentimita 2 juu ya reli. Ukitaka kuwa ndani kabisa, kati ya mabehewa, tumia simu: igeuze kichwa chini miguu juu, lenzi inakuja karibu na ardhi. Ila usiisogeze sana puani mwa treni, lenzi pana ya simu inavimbisha tangi la mbele na nyuma inabaki mkia. Rudi nyuma, tumia ile ya 2x.

Ukungu. Ukibana tundu la lenzi kina cha fokasi, yaani sehemu inayotoka kali, kinaongezeka, ni kweli, lakini mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika na picha nzima inalegea, hata pale ulipofokasi. f/22 inakunyima ukali bila kukupa kina cha kutosha. Garratt halisi ilikuwa na mita 31 na ushei. Yako haipungui sentimita 36. Hakuna tundu litakalokushikia sentimita 36 ukiwa umbali wa shubiri mbili. Rudi f/8 au f/11, zima fokasi ya otomatiki, funga kila kitu kwenye manual, uweke mwenyewe: ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 100, shata hata sekunde nzima, treni haikimbii. Picha ya kwanza fokasi iwe kwenye kiungio cha mbele. Zungusha pete ya fokasi kidogo sana, piga. Tangi la maji, boila, kibanda cha dereva, tangi la nyuma, hivyohivyo mpaka milima ya kwenye pazia la nyuma. Picha 15 hadi 20 zinatosha. Kamera isiguswe, tumia kipima muda cha sekunde 2. Kisha zipeleke Helicon Focus au Zerene Stacker, programu itachukua sehemu kali ya kila moja na kuziunganisha. Ikimaliza kagua kingo za zile nguzo za simu zinazopita mbele ya boila. Pale ndipo programu hukosea na kuacha utando kama moshi, utaufuta kwa mkono.

Rangi: zima taa ya dari. Balbu ya njano na ya kusomea nyeupe haziwezi kukubaliana. Halafu elewa kamera inavyofikiri: inadhani ukichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Wewe umempa udongo mwekundu na kichwa cha maruni, naye anahangaika kuusukuma wekundu wote pembeni. Weka kadi ya kijivu mbele ya treni, ipige chini ya taa ileile, umwambie kamera hicho ndicho kijivu. Piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Taa iwe moja tu, LED ya 5000K hadi 5600K (weupe wa mwanga wa mchana) yenye CRI, kipimo cha uaminifu wa rangi, zaidi ya 95. Taa mbili ni majua mawili. Na uiweke mbali, mita 2 kama chumba kinaruhusu. Angalia nguzo zako kwenye picha ya pili, kila kivuli kimeshika njia yake. Jua la kweli liko mbali mno kufanya hivyo. Saa sita mchana Voi jua liko utosini na magurudumu yote yanazama gizani, kwa hiyo wewe chagua asubuhi, taa ije kutoka upande na chini kiasi. Gizani kwenye magurudumu mrudishie mwanga kidogo kwa kipande cha kadi nyeupe, nje ya fremu.

Mama_wa_Altona
Kaka wa Voi, hongera kwa kazi. Niko Hamburg, na Miniatur Wunderland naenda na wanangu kila wageni wakija. Ile nayo ni 1:87 kama yako, ipo tangu 2001. Ameyasema Ilala yote ya kamera, mimi nakuonyesha nilichokiona nilipoikuza picha yako ya kwanza: unywele wa brashi juu ya boila, kwa vipimo vyako ni kamba ya meli. Gundi inang'aa chini ya mabati ya tangi. Ukuta wa ofisi ya stesheni haugusi ardhi, kuna mstari mweusi chini yake. Mwagia udongo ule mwekundu uuzibe. Na yule bwana mwenye kofia miguu yake haijafika jukwaani, anaelea.

Kabla ya kupiga, pitisha brashi ya poda, ile ya kujipodoa, laini kabisa. Hewa ya kopo usiguse, utapeperusha abiria wote. Piga moja ya majaribio, ikuze mpaka mwisho, fagia tena.

Mtaita_Manchester
Dada, mwenye kofia nimemkamata, nimemtoboa mguu na kumtia sindano 😂. Mkuu Ilala, mawili tu: kivuli cha kichwa kinapanda angani kwenye pazia la milima ya Taita. Na moshi, niuongeze kwa kompyuta?

Mpigapicha_Ilala
Sogeza reli au pazia, viachane walau sentimita 30, na taa izidi kuja ubavuni mpaka kivuli kitoke nje ya fremu. Pazia lenyewe ukiona giza, lipe taa ndogo iliyofichwa nyuma ya majengo, isiyofika kwenye treni.

Moshi muulize mhariri kwanza, kuna wasiotaka kabisa kitu kilichochorwa. Kama anaruhusu, uwe mwembamba. Hizo 59 zilichoma mafuta, wingu zito jeusi si kila saa.

Ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni piksel 2480 kwa 3508, kamera yako inafika bila shida. Tuma faili lenyewe, si picha ya WhatsApp, inabanwa. Na moja ipige wima, anga kubwa juu bila nguzo yoyote, jina la jarida lipate pa kukaa.