Nikifoka wodini manesi wananificha makosa. Nifanyeje?

Sista wa Wodi (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, mwaka wa pili sasa nasimamia wodi ya wanaume kwenye hospitali moja ya wilaya. Kazi naijua na wagonjwa nawapenda. Tatizo langu ni hasira. Nikikuta kosa nafoka palepale, mbele ya wagonjwa na ndugu zao, nusu saa baadaye najuta.

Wiki iliyopita asubuhi tunapokezana zamu, nikapita kitanda kwa kitanda. Kitanda cha saba chati inaonyesha sindano ya saa sita usiku imetolewa, imesainiwa. Lakini kichupa kipo kwenye trei, kifuniko hakijaguswa. Nikamwita binti wa zamu ya usiku, ana miezi minne tu kazini. Akaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Kumbe mgonjwa wa kifafa alidondoka kitandani, wakahangaika naye, binti aliposhtuka muda umepita. "Nikaogopa utanisema, sista, nikasaini."

Daktari tulimwarifu, dozi ikatolewa, mgonjwa yuko salama. Ila mimi silali vizuri. Yule mtoto ameniogopa mimi kuliko alivyoogopa mgonjwa kuzidiwa.

Chuma cha Reli
Pole dada. Lakini kusaini dawa ambayo hukutoa si jambo dogo, apewe barua. Ukilegeza watakupanda kichwani.

Mama Zamu
Mwanangu, nimestaafu uuguzi baada ya miaka mingi ya kusimamia wodi, na nilikuwa kama wewe. Fungua daftari la matukio uhesabu makosa yaliyoandikwa tangu ushike wodi. Ukikuta kurasa nyeupe usifurahi.

Miaka ya 1990 mtafiti mmoja wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa kwenye timu za hospitali. Alitegemea timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Hesabu zikaja kinyume, ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye rekodi. Alipochimba akaona wauguzi wa huko hawakuwa wazembe, walikuwa wanasema. Kwingine yalikuwa yanafunikwa. Sasa wewe unaamua dawa na vitanda kwa kutazama chati. Kama chati zimeandikwa kwa woga, unaongoza wodi usiyoijua.

Na barua peke yake haitamfundisha yule binti kusema. Itamfundisha kukitupa kichupa.

Mlimani
Naunga mkono Mama Zamu, ila dada usije ukaacha kufoka ukahamia kwenye kununa. Wanaokuzunguka wanaona. Mwanasaikolojia James Gross aliwahi kulinganisha watu waliotakiwa kuficha hisia usoni na waliotakiwa kulitazama jambo kwa namna nyingine. Kwa walioficha, hisia zilibaki vilevile ndani, na mwili ukahangaika zaidi. Waliobadili mtazamo walipungukiwa kweli.

Kwa hiyo kazi ifanyike kabla hasira haijapanda. Ukikuta kichupa, kichwani kwako swali la kwanza ni "nani huyu mzembe?" Lianze lingine: "usiku huu kulikuwa na nini?" Walikuwa wangapi zamu, dada?

Sista wa Wodi
Wawili, kwa wagonjwa 34. Sikuuliza hata siku ile.

Mama Zamu
Basi umeona. Na jambo lingine, usiende kazini bila kunywa chai. Ninasema kwa uzito kabisa, ukali wangu mwingi ulikuwa njaa ya saa nne. Halafu umwombe radhi binti palepale ulipozoea kumfokea, wenzake wakiwepo. Ofisini peke yenu haitoshi.

Chuma cha Reli
Kuomba radhi sawa. Barua bado naisimamia, kuna mgonjwa hapo.

Sista wa Wodi
Nimerudi wakuu. Kosa la saini limeandikwa kwenye daftari, na binti mwenyewe ndiye aliyeandika maelezo. Leo asubuhi kwenye ripoti nikawaomba radhi wote, sauti ikinitetemeka. Nikawaambia dozi ikipita niambiwe hata saa nane usiku kwa simu. Kimya. Nikadhani yameishia hapo.

Tulipofika kitanda cha kumi na moja kaka mmoja wa miaka mingi wodini akasema, "Sista, dripu ya huyu ilisimama tangu saa tisa, mimi ndiye niliyesahau kuibadilisha." Nikahisi joto linapanda shingoni. Nikashika chuma cha kitanda, nikavuta pumzi, nikamuuliza mgonjwa anajisikiaje, kisha nikamuuliza yeye usiku ulikuwaje.