Naomba ushauri: "start", "begin" au "commence"?

Katibu wa Kikundi, Kigoma
Ndugu zangu, habari za leo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaokamua mawese, na nimepewa kazi ya kumwandikia mfadhili taarifa ya mradi kwa Kiingereza. Kila nilipotaka kusema kuanza niliandika "begin", kwa kuwa ndilo neno nililolizoea tangu darasani, na rasimu ikarudi ikiwa imepigwa mstari mwekundu chini ya "we begin the machine at seven", bila maelezo yoyote. Mwenzangu ananishauri niweke "commence" kote, eti ndicho Kiingereza cha ofisini. Nitajuaje lipi linafaa wapi?

Mwalimu Mstaafu, Ujiji
Dada Katibu, aliyepiga mstari hakukosea, ila alipaswa kukueleza. Jiulize kwanza ungesemaje kwa Kiswahili. Mashine hatuianzi, tunaiwasha, kikundi tunakianzisha, mkutano ndio unaoanza. Neno "start" lina tumbo kubwa, kwa maana linameza kuwasha, kuanzisha, kuanza na hata kuondoka safarini, ilhali "begin" huishia karibu na kuanza tu. Kwa hiyo penye injini au biashara andika "start" bila kusita. Penye mkutano, msimu au mvua, yote mawili ni sahihi, ingawa binafsi napendelea "began" katika taarifa kwa sababu limetulia zaidi. Hapo zamani "start" lilihusu kuruka au kushtuka ghafla, na "startle", yaani kumshtua mtu, ni ndugu yake. Ndiyo maana nikilisikia huikumbuka boti pale Kibirizi, kamba ya injini inapovutwa mara ya tatu na chombo kizima kikatikisika.

Jihadhari pia na kosa ambalo nimelisahihisha miaka mingi: tulianza ni "we began", lakini tumeanza ni "we have begun", wala si "we have began".

Karani, Tabora
Naunga mkono maelezo ya Mwalimu, nami niongeze kuhusu "commence". Neno hili liliingia Uingereza kutoka Kifaransa, baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066 na lugha yao kutawala mahakamani na katika nyumba za wakubwa, na harufu hiyo haijalitoka hadi leo. Sisi hulikuta katika mikataba na katika sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, pale inapotajwa tarehe ya kuanza kutumika. Akina mama wakiandika kwamba "we commenced pressing the fruit", hawajakosea sarufi, lakini ni sawa na kuvaa suti kwenda shambani.

Tena, dada, hebu iangalie upya hiyo "at seven". Kwa saa za Kiingereza hiyo ni saa moja. Je, ndiyo uliyokusudia?

Mzee wa Bandarini
Nami nina moja tu. Katika taarifa za miradi watu hupenda sana "launch" kwa maana ya kuzindua. Neno hilohilo hutumika meli inaposhushwa majini kwa mara ya kwanza, kama ilivyokuwa kwa MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande, na kushushwa ziwani hapa Kigoma mwaka 1915. Ikiwa mlifanya hafla na wageni wakaalikwa, liandike. Ikiwa mlikusanyika tu chini ya mwembe mkagawana kazi, "started" inatosha.

Katibu wa Kikundi, Kigoma
Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Hafla haikuwapo, kwa hiyo nimeandika "we started the group". Kuhusu saa, nimeona aibu kidogo: asubuhi huwa tunachemsha chikichi, na mashine huwashwa saa saba mchana. Sentensi sasa inasomeka "we start the machine at one in the afternoon", na naona mstari mwekundu ulistahili kufika mpaka kwenye saa.