Rangi za mjakaranda kwenye skafu: mbona zinamezana?

Uzi_Mezani:
Wadau wa sindano, habari zenu. Nataka kufuma skafu kwa rangi za mijakaranda ya Arusha inavyochanua Oktoba na Novemba: zambarau ya maua, kijani cha majani, wekundu wa udongo. Uzi ni akriliki wa unene wa kati, mabonge manne ya gramu 50, sindano za mm 4. Nimefuma kipande cha majaribio, kila rangi safu nne. Mabonge yakiwa mezani yanapendeza, yakishafumwa rangi zinamezana. Tena kipande kinajikunja pembeni. Nakosea wapi?

Kitanzi77:
Mkuu, yapige picha mabonge yote pamoja, kisha kwenye simu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Yakitoka kijivu cha aina moja, umepata jibu. Rangi zinaweza kuwa tofauti kabisa huku mwangaza wake ukilingana, na ukisogea hatua chache jicho halioni tena mpaka kati yake. Safu nne nne zinaongeza ubaya, maana hakuna rangi iliyopewa ukubwa.

Mti wenyewe haugawi sawasawa. Mjakaranda mara nyingi huchanua ukiwa na majani machache sana, hivyo kijani hicho kinaweza kuwa cha mti wa jirani! Okota ua moja ulitazame: tarumbeta ndogo ya zambarau inayovuta samawati, na kooni ndani ni jeupe. Nyuma yake kuna tawi ambalo jua likilipiga kwa nyuma linaonekana karibu jeusi. Zambarau hafifu, kahawia iliyokoza, krimu kidogo. Kabla hujafuma, kata kadibodi ya upana wa sm 5 uizungushie uzi mara 20: zambarau 12, kahawia 6, krimu 2. Ukiona krimu inapiga kelele, punguza hapo hapo. Kufumua kadibodi hakumuumizi mtu.

Sindano_Nne:
Naongezea kwenye ufumaji. Kujikunja kunatokana na kufuma kawaida upande wa mbele na kinyume upande wa nyuma bila pindo. Weka vitanzi 4 kila pembeni, uvifume kawaida kwa safu zote, mbele na nyuma.

Kwa skafu usibebe nyuzi mbili kwenye safu moja, kwani nyuma kutaonekana nyuzi zinazoning'inia, na ukizivuta kitambaa kinajikusanya. Tumia vitanzi vya kuhamisha, yaani kitanzi kinapita sindano ya pili bila kufumwa. Anzisha vitanzi 51 (43 vya katikati, 8 vya pindo), fuma safu mbili za kahawia. Ingia zambarau: fuma 3, hamisha 1, rudia, malizia na 3. Kurudi, fuma kinyume vilevile, ukihamisha kile kile. Rudi kahawia safu mbili, sasa anza fuma 1, hamisha 1, kisha fuma 3, hamisha 1 hadi kibaki kimoja, ukifume. Kurudi ni kinyume vilevile. Kahawia iliyohamishwa inapanda juu ya zambarau na kuonekana kama vitawi ndani ya maua. Krimu ichukue nafasi ya zambarau kwa safu mbili tu, kila baada ya sm 10 hivi.

Wengi huharibu hapa: unapohamisha, uzi ukae upande wa nyuma wa kitambaa daima. Safu ya mbele, uzi uko nyuma ya sindano. Safu ya kurudi, uko mbele yako. Ukikosea, kijistari kinakatiza usoni. Na panda hadi sindano za mm 4.5, ufumaji huu hubana.

Uzi_Mezani:
Picha imetoka kijivu kitupu, aibu yangu. Kijani natoa. Kahawia ya maganda makavu ya mjakaranda sijaiona dukani, naweza kuupaka rangi uzi huu kwa maganda ya vitunguu?

Kitanzi77:
Akriliki haishiki rangi ya mimea, itatoka kwenye maji. Unahitaji sufu. Kwa gramu 50 za sufu: loweka kwanza, kisha ipashe kwa saa moja kwenye maji yenye shabu (alum, chumvi ya kushikisha rangi kwenye uzi) gramu 6 iliyoyeyuka. Maganda makavu ya vitunguu vya njano gramu 50, chemsha peke yake saa moja, chuja, maji yapoe hadi vuguvugu, ndipo uweke sufu. Pandisha moto polepole, yasifike kuchemka, na baada ya saa moja iache ipoe humo humo. Ukiitoa kwenye moto ukaitia maji baridi, au ukiikoroga sana, inashikana kama blanketi na hakuna kuirudisha.

Itatoka dhahabu hadi kahawia ya chungwa, si iliyokoza. Kwa hiyo matawi bado nunua dukani, hiyo ya vitunguu weka mahali pa krimu.

Sindano_Nne:
Na usichanganye sufu na akriliki kwenye skafu moja kama utaifua kwa maji moto. Sufu itarudi, akriliki itabaki palepale, na pindo litapinda.